Ndege Hawaogopi Chuma

Ninyi mabinti na vijana mnaoficha simu chini ya mto mkisikia baba anakohoa, haya nawaandikia ninyi. Wazazi wenu wakitaka kusoma, wasome, siwazuii. Mimi nilijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe ndiye huyu nitakayemsema hapa, kwa hiyo msitafute maneno makubwa. Nataka mjue namna nilivyomlipiza mwanangu. Nililipiza vizuri, na sikumwomba mtu radhi.

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea. Karakana yake iko Kizota, nyumba yake iko Nzuguni. Anatengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma, na kazi yake haina mtu wa kuisema vibaya. Kasoro yake ni moja. Anaamini hakuna jambo duniani lisilofungika kwa chuma.

Ana binti mmoja, mjukuu wangu. Binti alipoingia kidato cha pili, mwanangu akainua ukuta. Alipofika cha tatu, akapanga vipande vya chupa juu ya ukuta. Alipomaliza cha nne, mtu mzima wa miaka kumi na nane, yuko nyumbani anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano, baba yake akamwekea nondo dirishani, nondo za kufungia simba. Na geti hakulitia grisi hata siku moja. Si kwamba alisahau. Alitaka lilie. Ukilisukuma linapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa, na nyumba nzima inajua nani katoka na nani kaingia.

Binti anaimba kwaya. Baba anamsindikiza mazoezini, anakaa benchi la nyuma, kakunja mikono, mpaka wanamaliza. Mwalimu wa kwaya aliwahi kumuuliza, "Mzee, kwani wewe unaimba sauti ya ngapi?" Wiki iliyofuata akaja na kiti chake mwenyewe.

Mimi kwangu ni Ihumwa. Nina shamba langu, nalima uwele, mtama na karanga. Mwanangu alinifuata huko wakati uwele umeanza kutia maziwa, punje bado laini, ile wiki ambayo mkulima wa kwetu hata msibani anakaa kwa haraka, maana ndege wa kwelea kwelea wakishuka shambani wanashuka kama wingu, na wakiinuka wamekuachia mabua.

"Mama, umezeeka," akaniambia. "Njoo kwangu upumzike."

"Uwele uko kwenye maziwa. Nani anapumzika sasa?"

"Nimeshapata mlinzi wa shamba."

"Mlinzi gani?"

"Wa uhakika. Halali, hali chakula, hachoki."

Hapo ningejiuliza mtu asiyekula chakula ni mtu wa namna gani. Lakini mtoto wako akikwambia njoo upumzike, masikio yanalainika. Nikafunga nguo zangu na kigunia cha karanga, nikapanda gari lake.

Kufika Nzuguni nikawekewa kiti kizuri chenye mto. Kikawekwa karibu na geti.

"Hapa kuna kaupepo, Mama," akasema.

Nikakaa kwenye kaupepo kangu. Kesho yake, anatoka kwenda kazini, akaniinamia kama anayeniaga, akasema polepole, "Mama, ukiona kijana yeyote anapitapita hapa nje, nipigie simu. Na huyu binti asitoke bila wewe kujua anakwenda wapi."

Basi nikaelewa. Sikuletwa kupumzika. Nililetwa kuamia ndege. Maisha yangu yote nimeamia ndege shambani, nikiwafukuza kwa kombeo na makopo, na sasa nimetolewa kwenye uwele wangu nikawekwa getini niamie mjukuu. Nikamtazama mwanangu mpaka gari likapotea. Mimi nikikasirika sisemi, na wanaonijua wangependa niseme.

Siku hizohizo jirani yangu wa Ihumwa akanipigia simu.

"Dada, huyu mlinzi wako umemtoa wapi?"

"Kwani vipi, amelala?"

"Atalalaje? Ni mtu wa chuma."

"Mtu wa chuma namna gani?"

"Mwanao alikuja na gari akamsimika katikati ya shamba. Ana kichwa cha sufuria na mikono inayozunguka upepo ukivuma. Ndege wanakula uwele, wakishiba wanakwenda kumkalia mabegani wanapumzika. Wakipumzika wanarudi kula. Mikono ikizunguka wanaipanda kama watoto kwenye bembea."

"Na uwele?"

"Uwele usiuulize, dada. Imebaki mikia mitupu ya masuke. Mtama bado haujatia maziwa, huo ndio pona yako."

Akaendelea, maana huyu jirani hajui kuachia habari katikati. "Halafu amemvalisha lile koti la marehemu."

Koti la mume wangu. Nililihifadhi ndani ya sanduku kwa majani ya mwarobaini tangu tulipomzika. Mwanangu alifungua sanduku langu nikiwa ndani ya gari namsubiri, akalichukua, akaenda kumvalisha sufuria.

"Limechanika?" nikauliza.

"Halijachanika. Limejaa mavi ya ndege."

Nikamshukuru, nikakata simu. Nikasema moyoni, haya. Na mjue haikuwa mara ya kwanza mtoto huyu kuwalisha ndege nafaka yangu. Ile ya kwanza nitaisema tukifika mahali pake.

Sasa nikawa nakaa getini natafuta pa kumshika. Kumchapa sikuweza, ana mvi. Kumgombeza angesema mama kazeeka, ana hasira za uzee, na angeniongezea mto mwingine. Nikasubiri. Mtu aliyeamia ndege anajua kusubiri.

Asubuhi moja mjukuu wangu akatoka kwenda kwenye kozi yake ya kompyuta. Akafungua geti, akapita, akafunga. Mimi nikabaki nalitazama lile geti. Halikulia. Geti linalolia kila siku, leo limenyamaza kama lina siri.

Nikainuka, nikapitisha kidole kwenye bawaba. Grisi. Mbichi.

Aliporudi nikamwita. "Mke mwenzangu, njoo hapa." Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza kwa utani, tunagombania mume mmoja ambaye ni babu yake, hata akiwa amekufa. "Nani kalitia geti grisi?"

"Grisi gani, Bibi?"

Nikamwonyesha kidole.

Akakitazama kidole, akanitazama mimi, akaketi chini. "Utamwambia baba?"

"Hilo litategemea utamu wa habari."

Ndipo akasema. Ni kijana anayejifunza kazi karakanani kwa baba yake. Mwanangu alikuwa akimsifu kila siku mezani, "Kijana yule ana adabu, hainui macho." Angeyainuaje wakati amevaa miwani ya kuchomelea? Na ndiye huyohuyo aliyeletwa nyumbani kukata nondo na kuzichomelea kwenye dirisha la binti. Baba alishika futi, yeye akashika mashine.

"Alipofika nondo ya mwisho baba alikwenda kunywa maji," akasema mjukuu wangu. "Akaniuliza, hii niiweke karibu au mbali kidogo?"

"Ukajibu nini?"

"Nikamwambia mbali kidogo."

"Mbali kiasi gani?"

"Mfuko wa chipsi unapita."

Nikageuka nikatazama ukuta, asinione uso. "Na zaidi ya chipsi?"

"Hakuna, Bibi. Baba akimtuma kuleta mboga anapitia dirishani. Yeye anasimama nje, mimi nasimama ndani, tunaongea kama mahabusu na ndugu yake. Chipsi zinafika zimepoa. Mimi sitaki kutoroka. Nataka siku moja nitoke kwa mlango, mchana, tukae kwenye viti, tule chipsi kwa sahani, watu watuone, halafu nirudi nyumbani. Basi."

"Kwa sahani?"

"Kwa sahani, Bibi. Na uma."

Hilo tu ndilo alilotaka. Mlinzi mzuri angempigia simu mwanangu palepale. Nilipiga simu, ila nilimpigia kijana.

"Mume wangu," nikamwambia. Akadhani nimekosea namba. "Hujasikia vibaya, wala sijakosea namba. Mimi ni bibi yake. Jumamosi ukitoka kazini oga, vaa shati safi, ubishe hodi getini kama mtu mwenye akili timamu. Na usije mikono mitupu kwa mwanamke. Njoo na sukari."

Hapa niwaeleze ninyi mliokulia mjini. Kwetu kijana wa rika la wajukuu ni mume wa bibi. Atamtania, atamletea ugoro au sukari, bibi atamwita mume wangu mbele ya watu, na hakuna wa kulikataza hilo. Hata mchungaji hulicheka. Mwanangu alikuwa amefunga ukuta, dirisha na geti, lakini utani wa mama yake alisahau kuufunga.

Jumamosi kijana akaja. Nyusi zimeungua kidogo, macho mekundu ya kazi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepima nondo kwa mfuko wa chipsi?"

Akataka kurudi alikotoka. Nikamvuta kwa mkono, nikamketisha kwenye mkeka upande wangu wa kulia, mjukuu wangu upande wa kushoto, ungo wa karanga katikati ya magoti yangu. "Menyeni," nikawaambia. Wakamenya. Kila mkono wa kijana ulipochelewa kutoka kwenye ungo niliupiga kwa ganda la karanga. Mkwe wangu, mama wa binti, akapita na ndoo, akaona, akapita tena bila ndoo kuona vizuri.

Mwanangu akarudi mapema, gari kaliacha karakanani. Na kwa kuwa geti lilikuwa limetiwa grisi, hakuna aliyemsikia. Tuliinua macho tukaona viatu vyake.

"Wewe," akamwambia kijana. "Unafanya nini hapa?"

"Fundi, shikamoo."

"Nimekuuliza unafanya nini."

"Amekuja kwangu," nikasema.

"Kwako kufanya nini, Mama?"

"Kuniposa. Ameleta sukari, ile pale."

Akajaribu kucheka. "Mama, acha utani."

"Nani kakwambia nauacha? Ndio kwanza nauanza. Huyu ni mume wangu. Sasa wewe uliyesoma, mume wa mama yako kwako ni nani?"

Akautazama ule mfuko wa sukari.

"Nakuuliza ni nani."

"Ni baba," akasema mkwe wangu kutoka jikoni, kwa sauti ndogo, halafu tukasikia mfuniko wa sufuria umeanguka.

"Umesikia. Basi msalimie baba yako."

"Mama."

"Nilikulea bila salamu? Majirani wasikie nilikulea bila salamu?"

Jirani wa upande wa pili alikuwa juu ya ngazi anarekebisha antena yake. Aliirekebisha taratibu kweli siku ile. Mwanangu akatazama juu, akatazama chini, akaitoa ile salamu kama mtu anayetema mfupa. "Shikamoo."

Karanga zikamdondoka kijana. "Marahaba, fundi."

"Marahaba mwanangu," nikamsahihisha.

"Marahaba... mwanangu."

Nawaambia ukweli, wajukuu zangu, uwele wote ulioliwa ulirudi nusu siku ile. Ila mimi si mtu wa nusu. Jumatatu nikampigia mama lishe anayewapikia mafundi pale Kizota, ni mtu wa kwetu, nikamhadithia nikimwomba sana asimwambie mtu. Kabla ya chakula cha mchana karakana zote za jirani zilikuwa na kisa hicho. Mwanangu akipita wanamwita, "Fundi, baba yako kachelewa leo, ulimpa ruhusa?" Kijana akibeba chuma kizito wanamkemea mwanangu, "Mpokee mzee mzigo, huna adabu?" Jioni alirudi nyumbani, akala ugali kama anaugombeza.

Nililala usingizi mtamu. Lakini mtu aliyeudhiwa hutazama nyumba yake upya. Akiwa uani anatembea na hasira zake, mwanangu akasimama mbele ya dirisha la binti. Fundi ni fundi. Jicho lake likaona kabla ya moyo kuona. Akatoa futi mfukoni, akapima nondo na nondo, akapima na ile ya mwisho, akarudia kupima. Kisha akaweka kiganja chake katikati, kikapita. Akageuka akanitazama mimi kwenye kiti changu chenye mto, akaelewa kwamba ule utani ulikuwa na miguu.

Hakunipigia kelele. Alikwenda kunyang'anya. Kesho yake akamwambia kijana arudishe miwani na glovu, asikanyage tena karakanani, na kijana alikuwa bado hajamaliza kujifunza kazi, hana kwingine pa kuimalizia. Akamwambia binti afunge nguo, Jumatatu anapelekwa kwa shangazi yake Kondoa, akae huko mpaka shule ifunguliwe, simu ibaki. Na akaalika wazee wawili wa kanisa waje Jumapili baada ya ibada wamsikilize na kumwonya binti mbele ya familia.

Mjukuu wangu hakulia mbele ya baba yake. Alikuja kulia kwangu. "Umeniharibia, Bibi. Chipsi baridi zilikuwa zinanitosha."

Neno hilo liliniuma, maana lilikuwa kweli. Kisasi changu kilikuwa kimemwangukia yeye. Nikamfuta uso kwa kitenge. "Funga nguo zako kama ulivyoambiwa," nikamwambia. "Na za kwangu."

"Za kwako za nini?"

"Wewe funga."

Jumapili wazee wakaja, wakanywa chai. Tulikaa sebuleni wote, na kijana naye aliitwa aje aombe radhi, kasimama mlangoni kama aliyeleta mzigo. Mwanangu akasimama kusema. Alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema dunia imeharibika. Alisema mtoto wa kike ni wa kulindwa. Angeishia hapo ningekosa pa kuingilia. Lakini akaongeza.

"Mimi na mama yake tulijuana kwa heshima. Kanisani, mbele ya watu. Mpaka posa inapelekwa sikuwa nimewahi kusimama naye peke yetu. Yupo hapa, ni shahidi."

Nikamtazama mkwe wangu. Alikuwa anatazama sakafu, mabega yanamtikisika.

"Wazee," nikasema, "naomba neno."

"Karibu, Mama."

"Ni la mtama."

Mwanangu akakaa. Nadhani miguu ilikumbuka kabla ya kichwa.

Nikawaambia. Mwaka uliofuata baada ya kumzika mume wangu, huyu mnayemwona alikuwa kijana kama huyo aliyesimama mlangoni. Mtama wetu ulikuwa mzuri, na ndio ungetulisha. Nikampandisha kwenye dungu, kile kichanja cha miti cha kukalia mlinzi wa shamba, nikamfungia kamba ndefu yenye makopo, nikamwambia ukiona ndege vuta, piga kelele, usiteremke. Mimi nikaenda kupalilia kwa watu. Kutwa nzima nikiinama nasikia makopo yanalia upande wa shamba letu. Moyo wangu ukatulia. Nikasema mwanangu amekuwa mwanamume.

"Yalilia asubuhi, yalilia mchana," nikasema. "Siku moja nikampelekea ugali shambani nikiwa na furaha yangu. Nikafika kwenye njia. Makopo yanalia kweli. Dunguni hakuna mtu. Ndege wamefunika mtama kama blanketi. Na kamba ya makopo imefungwa kwenye mguu wa mbuzi."

Mzee mmoja akaweka kikombe mezani. "Mbuzi?"

"Mbuzi. Kila akipiga hatua kufuata suke jingine, makopo yanalia. Ndege walishamzoea, wanakula naye pamoja. Na mlinzi wangu yuko shamba la jirani, chini ya dungu la jirani, anachekeshana na binti wa jirani. Binti mwenyewe yule pale, anajifanya anatafuta kitu sakafuni."

Hapo mkwe wangu alishindwa. Alicheka mpaka akashika kiti. "Msimlaumu peke yake," akasema akifuta macho. "Mbuzi alikuwa anarusha mateke. Mimi ndiye niliyemshika miguu."

Wazee wakacheka, mmoja akikohoa chai. Binti akamtazama mama yake kama anamwona leo. Mwanangu hakucheka.

"Mama," akasema. "Ulijua?"

"Nilisimama njiani na ugali wako. Ule ugali niliula mwenyewe, nimesimama."

"Miaka yote hii hukusema."

"Hukuwa umecheka tangu baba yako azikwe. Nilikusikia unacheka, nikaona niondoke. Nikakuozesha huyohuyo, sikuulizia mtama. Mwaka ule nilikwenda na kikapu kwa dada yangu. Akanipimia unga huku ananiuliza nilikuwa wapi ndege wanakula. Nikamwambia nilikuwa mgonjwa. Nilijisingizia ugonjwa ili usionekane mpumbavu. Lakini usidhani nilisamehe. Mtama ule niliuweka, na leo nimeutoa, maana umekuja kujidai mwenye heshima mbele ya wazee."

Nikaendelea, maana nilikuwa sijamaliza naye.

"Ukanitoa kwenye uwele wangu kwa uongo. Ukaniweka getini niamie mtoto wako, na shamba langu ukaliachia sufuria. Ukamvalisha sufuria koti la baba yako, ndege wakalifanya choo. Mara ya kwanza ulikuwa mtoto, ukafunga makopo kwenye mbuzi. Mara ya pili una mvi, ukaona chuma kitakaa mahali pa mtu. Ndege hawaogopi chuma. Wanaogopa mtu aliyekaa pale akawatazama. Na huyu mtoto umemzungushia chuma pande zote, lini umekaa naye ukamtazama?"

Mwanangu akainama. Akatazama mikono yake, ile mikono yenye alama za moto. Akasema, "Koti nitalifua."

"Utalifua. Sikukuuliza."

Mzee wa kanisa akasafisha koo, bado anapigana na kicheko chake. "Basi, Mama, kikao hiki ni chako. Unataka nini kifanyike?"

Nikasimama, nikafunga kitenge vizuri. Na hivi ndivyo nilivyoiamuru nyumba ile, na kila mmoja alisikia.

"Kesho alfajiri tunakwenda Ihumwa wote, mtama unatia maziwa. Kondoa haendi mtu. Wewe kijana utarudishiwa miwani yako na glovu zako, uchukue mashine, ulikate lile sanamu la chuma, utengeneze ngazi ya dungu, na ngazi iwe imara maana anayepanda ni mzito. Wewe mwanangu utapanda. Utakaa juu tangu jua linatoka mpaka linazama, kila siku mpaka punje ziwe ngumu, na karakana ijue yenyewe itakavyoishi. Mkwe wangu, utamletea mumeo ugali, na huruhusiwi kukaa. Mke mwenzangu na huyu kijana watang'oa karanga chini ya dungu, mbele ya macho yako, na Jumamosi mchana watapitia mlangoni waende wakale chipsi kwa sahani, na uma, na kabla jua halijazama wawe wamerudi. Ukiwaona wanacheka, vuta makopo. Mdomo wako ni wa ndege tu. Na mbuzi abaki nyumbani."